Gurudumu la tela libaki kwenye tela

MAVUNO yanapokamilika katika uwanda wa juu wa Ufipa, kazi ya mkulima huwa haijakwisha. Mahindi, maharage, ulezi na alizeti sharti vitoke shambani vifike ghalani, sokoni au katika kituo cha kununulia nafaka. Katika vijiji vingi vya Laela, Mpui, Matai, Chala na Namanyere, chombo kinachofanya kazi hiyo ni pikapu. Gari hilo dogo ndilo lori la mkulima na ndilo basi la mwalimu anayerudi kituoni kwake. Mara nyingi ndilo linalompeleka mjamzito hospitali usiku wa manane. Kwa hiyo hali ya magurudumu ya pikapu si shauri la dereva na tajiri wake peke yao. Ni shauri la kila mtu anayepanda juu ya magunia yale.

Ndiyo maana hapana budi kukemea tabia ya kuchukua magurudumu ya tela na kuyafunga kwenye pikapu. Mambo huanza kidogo kidogo. Tairi la pikapu limekwisha au limepasuka. Jipya ni ghali, na duka liko mbali. Uani limeegeshwa tela la trekta ambalo halina kazi mpaka msimu ujao, na matairi yake bado ni meusi na yana meno. Mwenye gari huyatazama, hupima kimo kwa macho, hulinganisha namba zilizoandikwa ubavuni, kisha huita fundi aje na jeki na spana. Baada ya saa moja pikapu iko njiani, na mwenyewe husifiwa kwa ubunifu wake.

Sifa hiyo hastahili. Aliyefanya hivyo ameihamisha gharama kutoka mfukoni mwake na kuitwika miili ya abiria wake.

Kishawishi chenyewe kinaeleweka, na si haki kudhani kwamba kila anayeshawishika ni mjinga. Tairi la kipimo cha 7.50-16 limetumika kwa miaka mingi kwenye magari ya Land Rover yaliyozoeleka katika barabara za vumbi za nchi hii. Kipimo hicho hicho hutengenezwa pia kwa ajili ya matela na zana za kilimo, na hata kwa magurudumu ya mbele ya baadhi ya matrekta. Mtu anayesoma namba hizo tu huona kwamba vitu viwili ni kimoja. Lakini namba hizo hueleza upana wa tairi na kipenyo cha ringi, basi. Hazielezi tairi limefumwa vipi, wala linaweza kustahimili kasi gani, wala lilikusudiwa kufanya kazi ipi.

Tofauti yenyewe iko katika kazi. Tela huvutwa. Gurudumu lake hubeba uzito na kufuata kule linakopelekwa. Gurudumu la pikapu hufanya kazi tatu zaidi. La nyuma hupokea nguvu ya injini na kuisukuma ardhi ili gari liende. La mbele hutii usukani na kulishika gari lisitoke nje ya kona. Na yote manne hukamata ardhi dereva anapokanyaga breki. Watengenezaji wa matairi hulijua hilo. Ubavu wa tairi la tela kwa kawaida hufanywa mgumu ili mzigo usiyumbe, na meno yake hayakusudiwi kukamata utelezi kama meno ya tairi la gari. Ugumu ambao ni wema kwa tela huwa ni ubaya kwenye usukani: katika kona ya matope au ya lami iliyolowa, tairi lisilokuwa na mshiko wa kutosha hulipeleka gari kule lisikotakiwa.

Hapo ndipo hutolewa hoja inayosikika kuwa na nguvu kuliko zote. Tela, husemwa, hubeba tani nyingi kuliko pikapu. Basi tairi lake litashindwaje kubeba kilicho kidogo? Hoja hiyo husahau kwamba uzito na kasi havitenganishwi. Tairi huuawa na joto. Kila linapozunguka hukunjwa kidogo pale linapogusa ardhi, kisha hukunjuka, na kukunjwa huko huzaa joto ndani ya mpira na nyuzi zake. Kasi ikiongezeka, hukunjwa mara nyingi zaidi kwa dakika, na joto hukosa nafasi ya kutoka. Tairi la tela la shambani hupewa uwezo mkubwa wa kubeba kwa sharti kwamba litakwenda polepole nyuma ya trekta. Sharti hilo likivunjwa, uwezo ule nao huondoka.

Masharti hayo hayakufichwa. Yameandikwa ubavuni mwa tairi, na kila mtumishi anayejua kusoma anaweza kuyasoma. Baada ya kipimo hufuata tarakimu zinazotaja uzito na herufi inayotaja kasi. Tarakimu 100 maana yake ni kilo 800 kwa tairi moja. Herufi L ni kilomita 120 kwa saa, N ni 140, na Q ni 160. Tairi la zana za kilimo huweza kuandikwa A8, yaani kilomita 40 kwa saa, au A6, yaani 30 tu. Matairi ya matela madogo yatokayo Marekani hubeba herufi ST, alama ya tairi maalumu la tela, na kasi yake ya kawaida kwa miaka mingi imekuwa maili 65 kwa saa, kama kilomita 105. Ilhali yale ya magari madogo ya mizigo huandikwa LT. Tarakimu nne za mwisho katika alama ya DOT hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa: 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Tairi la tela lililokaa uani miaka mingi bila kazi huweza kuonekana jipya kwa meno yake, kumbe mpira umezeeka kwa jua na upepo.

Tena kuna suala la ringi, ambalo husahauliwa kuliko la tairi. Hilux inayovuta kwa magurudumu yote manne ina boliti 6 zilizopangwa katika duara lenye kipenyo cha milimita 139.7. Land Rover za zamani zilikuwa na boliti 5 katika duara la milimita 165.1. Ringi ya tela hufuata vipimo vya ekseli ya tela, na zisipopatana, fundi asiye mwangalifu hupanua matundu kwa tupa au hufunga nati tatu badala ya tano na kuitumaini bahati. Hata matundu yakilingana kabisa, bado tundu la katikati huweza kuwa kubwa kuliko kichwa cha ekseli, na mkao wa nati huweza kutofautiana, hii ikitaka nati ya koni na ile nati bapa. Ringi iliyokaa hivyo hucheza. Inapocheza hulegeza nati, na nati zikilegea boliti hukatika. Aidha, ringi ya tela ikilisogeza gurudumu nje kuliko ilivyokusudiwa, beringi huelemewa na usukani huwa mzito; ikiliingiza ndani, tairi huweza kusugua springi au breki.

Mara nyingi, tena, gurudumu linalobadilishwa ni moja tu. Hapo tairi lililofumwa kwa nyuzi za mshazari hukaa ekseli moja na tairi la radiali, moja gumu na jingine laini, moja refu kidogo na jingine fupi. Gari huvutwa upande, hasa wakati wa kufunga breki. Difu hulazimika kufanya kazi bila kupumzika hata kwenye barabara iliyonyooka. Aliyeokoa bei ya tairi moja hujikuta akinunua difu.

Hesabu ya mzigo nayo ifanywe bila woga. Chukua pikapu yenye uzito wa kilo 2,000 ikiwa tupu. Ipakie magunia 20 ya mahindi, kila gunia kilo 100. Jumla ni kilo 4,000. Ikiwa matairi yake manne yana tarakimu 100, uwezo wote ni kilo 3,200. Kilo 800 zimezidi kabla hajapanda abiria hata mmoja, na kabla ya kukumbuka kwamba gunia la lumbesa huzidi kilo 100, na kwamba sehemu kubwa ya mzigo huelemea magurudumu mawili ya nyuma. Hesabu hii haimzidi mwanafunzi wa darasa la saba. Haifai iwazidi watu wazima wanaokaa juu ya magunia hayo.

Mahali pengine kosa hili lingeweza kusamehewa na ardhi. Ufipa haisamehi. Mji wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Rukwa liko karibu mita 1,000 chini yake, na Ziwa Tanganyika, upande wa magharibi, liko karibu mita 770 tu juu ya usawa wa bahari. Anayetoka Ntendo kwenda Muze kufuata mpunga na ufuta wa bondeni, au anayetoka Matai kwenda bandari ya Kasanga, au Namanyere kwenda Kirando kufuata samaki, hushuka kutoka uwandani hadi chini kabisa. Katika mteremko wa namna hiyo breki huchemka na kuipa ringi joto lake, mzigo husogea mbele, na kila kona huyataka magurudumu ya mbele yashike barabara. Gurudumu la tela hudaiwa hapo, kwa saa moja, kila kitu ambacho halikuumbwa kukitoa.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawajalitia maanani. Kwa muda mrefu ubovu wa barabara uliuficha ubovu wa magurudumu. Wakati barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 220, ilipokuwa ya changarawe na mashimo, dereva aliyepakia mzigo alikwenda mwendo wa trekta akipenda asipende. Tairi la tela halikupata nafasi ya kuchemka. Dereva akafika salama, akahitimisha kwamba halina neno. Kisha ukaja mkataba wa mwaka 2008 baina ya Tanzania na shirika la MCC la Marekani, ambamo barabara hiyo ilikuwa mojawapo ya miradi, na katika miaka ya 2010 lami ikafika Sumbawanga. Huo ni ushindi mkubwa kwa mkoa uliokaa pembezoni tangu ulipoundwa mwaka 1974. Lakini lami hailiulizi gari lina magurudumu gani. Pikapu iliyokwenda kilomita 40 kwa saa sasa huenda 90 au 100 kwa magurudumu yale yale, na uzoefu wa zamani umegeuka kuwa ushauri mbaya.

Ni kweli kwamba tabia hii ina asili yenye heshima. Wazee wanaikumbuka miaka ya mwisho ya 1970 na ya mwanzo ya 1980. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Vita vya Kagera vikafuata mwaka 1978 hadi 1979. Bei ya mafuta ikapanda na fedha za kigeni zikakosekana. Nchi ilikuwa na kiwanda cha matairi cha General Tyre mjini Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1969, lakini kupata tairi au kipuri katika mikoa ya mbali kulikuwa kazi ya miezi. Mafundi waliokuwa wakikata, wakichonga na wakiunga waliyaweka magari ya umma barabarani, na mazao yakafika. Heshima yao haipungui. Lakini lililofanywa kwa dhiki, kwa tahadhari na kwa mwendo wa kobe, halifai kurithiwa kama desturi na watu wenye haraka. Kujitegemea ni kuyatawala mahitaji yako kwa akili, na anayeitupa akili hawezi kulitaja neno hilo kama kisingizio.

Isitoshe, Ufipa ni nchi ya mafundi tangu kale, na somo la jadi yake liko wazi. Wahunzi wa Kifipa waliyeyusha mawe ya chuma katika matanuru marefu, malungu, ambayo yalivuta upepo yenyewe bila kufukutwa, na mabaki yake yangali yakionekana hadi leo. Watafiti, miongoni mwao Profesa Bertram Mapunda, wameieleza kazi hiyo kwa kina. Chuma kilichotoka katika tanuru refu hakikufanywa jembe papo hapo. Kilipelekwa kwanza katika tanuru dogo la kusafishia, ndipo kikafuliwa. Hatua ya tanuru dogo haikurukwa kwa sababu tanuru refu lilikuwa tayari linawaka. Mafundi wale walijua kwamba kila chombo kina kazi yake.

Wala haisemwi kwamba gurudumu lisihamishwe kabisa. Mkokoteni wa ng'ombe uliojengwa juu ya ekseli ya gari bovu ni miongoni mwa mambo mema ya vijiji vya Rukwa. Ekseli na magurudumu yaliyokuwa yakikimbia barabarani hustaafu na kwenda mwendo wa ng'ombe, wa kilomita tatu au nne kwa saa, yakibeba mbolea, kuni na mahindi. Hapo gurudumu limeshuka daraja. Limepewa kazi nyepesi kuliko ile lililotengenezewa, na hata likipasuka, ng'ombe husimama na watu hucheka. Gurudumu la gari, ikiwa uwezo wake wa kubeba unatosha na boliti zinalingana, laweza kwenda kwenye tela. La tela halina ruhusa ya kupanda kwenda kwenye gari. Kanuni ni fupi na hata mtoto huishika: gurudumu hushuka daraja, halipandi.

Je, dereva aliyekwama porini bila tairi la akiba afanye nini? Jibu la kwanza ni kwamba asingeondoka bila tairi la akiba. Jibu la pili ni kwamba ashushe abiria na mzigo, alitoe gari njiani, na angoje msaada. Kungoja kunauma, lakini hakujapata kumzika mtu.

Wajibu hapa umegawanyika, na sehemu kubwa inawaangukia watumishi wa umma. Mkuu wa idara anayetia saini safari ya gari la ofisi anatia saini pia hali ya magurudumu yake. Akiona kwamba pikapu ya halmashauri imerudishwa kazini haraka mno baada ya kukosa tairi, aulize tairi limetoka wapi. Kama limetoka kwenye tela la mradi, mali mbili za umma zimeharibiwa kwa pigo moja: tela limebaki juu ya mawe na gari limekuwa hatari. Matairi yaingizwe katika makadirio ya fedha kabla ya mvua za Novemba, bila kungoja yawe vipara. Namba za matairi ziandikwe katika daftari la gari yanapofungwa na yanapotolewa. Karakana za TEMESA zipewe nafasi ya kulikataa gari lisilofaa bila fundi kulaumiwa kwamba amekwamisha kazi ya bosi.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 hairuhusu gari bovu kutembea barabarani, na Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, lina kazi ya kusimamia ubora wa bidhaa. Lakini askari akiishia kuhesabu abiria na kutazama leseni, nusu ya ukaguzi imebaki. Ainame, asome ubavu wa tairi, ahesabu nati. Kazi hiyo huchukua dakika mbili.

Walimu wana nafasi ambayo hakuna askari wala mkaguzi anayo. Msuguano, shinikizo, joto na nguvu za mzunguko ni masomo yao ya kila siku. Mwalimu wa fizikia anayewapeleka wanafunzi wake uwanjani kusoma maandishi ya tairi amefundisha mada nzima kwa kitu ambacho hawatakisahau. Na yule anayesimamia msafara wa michezo ya UMITASHUMTA au UMISSETA awe wa kwanza kulizunguka gari kabla mtoto hajapanda. Mzazi wa Mtowisa au Mpui amemkabidhi mwalimu mtoto, wala hakumkabidhi dereva. Mwalimu anayesema "gari hili watoto wangu hawapandi" atachukiwa asubuhi moja, na atakuwa ametimiza wajibu wake.

Kila baada ya msiba husikika maneno yale yale, kwamba ajali haina kinga. Maneno hayo hufariji matangani, wala hakuna anayependa kuwanyang'anya wafiwa faraja yao. Lakini yakisemwa gereji, kabla ya safari, huwa ni udhuru wa mzembe. Ajali inayotokana na gurudumu la tela ina kinga. Kinga yake ilijulikana tangu fundi alipoishika spana, na iliandikwa ubavuni mwa tairi kwa herufi zinazosomeka.

Msimu wa mavuno utakuja tena, na pikapu zitajaa tena. Mkulima wa Ufipa ametoa jasho lake, na anastahili mazao yake yafike. Watu wanaopanda juu ya mazao hayo wanastahili kufika nayo. Gurudumu la tela, basi, libaki kwenye tela. Na aliyekwisha kulifunga kwenye pikapu yake alifungue leo, kabla mteremko wa Muze haujalifungua wenyewe.